Rasta isiyo rasta: kisa cha nyanya za Ilula

Nyanya zilikuwa na wiki sita tangu zihamishwe kutoka kitaluni. Shamba liko upande wa Ilula, wilaya ya Kilolo, si mbali na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Ni mteremko mpole unaoanzia juu kwenye pipa la maji na kuishia chini kwenye kinyungu, bustani ya bondeni penye unyevu. Ilikuwa Januari, mvua zimeshika, na msimu huo mkulima wa nyanya hupulizia dawa ya ukungu kila wiki, maana akingoja aone madoa ameshachelewa. Mwenye shamba ni mama wa makamo ambaye mwanawe nafundisha kidato cha tatu. Alinipigia Jumapili jioni.

"Kamwene, Mwalimu. Nyanya zangu zimeshikwa na rasta. Lakini ni rasta ya ajabu, njoo uione mwenyewe."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa baiolojia, si bwana shamba. Akasema bwana shamba alishakuja.

Kwa wasiolima nyanya: rasta ni jina la mtaani la ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Majani yanakuwa madogo, yanajikunja kwenda juu kama kikombe, kingo zinakuwa za manjano, na mche unadumaa kichwani. Bwana shamba alikuta majani yamejikunja, akapekua chini ya majani akaona inzi weupe wawili watatu, akashauri wang'oe zote wachome. Simlaumu. Ukiwa na mashamba ya kata nzima na pikipiki isiyo na mafuta, utatoa jibu linalotoka mara nyingi zaidi, na mara nyingi utakuwa sahihi.

Ila nilipofika Jumatatu baada ya vipindi, nilichokiona hakikuwa kikombe. Majani mapya yalikuwa membamba, marefu, na mishipa iliyotakiwa kutawanyika ilikaa sambamba kama ya jani la nyasi. Vikonyo vilipinda kwenda chini. Mashina yalikuwa yamejisokota, na karibu na ardhi yalikuwa yamevimba na kupasuka, na kwenye mipasuko hiyo palitokeza vinundu vyeupe vidogovidogo. Nikakwaruza kimoja kwa ukucha: ulikuwa mzizi unaotaka kuota mahali pasipo pake. Manjano ya rasta hayakuwepo.

Mzizi unaoota shinani bila kuombwa ni ishara ninayoifundisha kila mwaka. Ndiyo sababu wauza miche huchovya vipandikizi kwenye unga wa kuotesha mizizi. Unga ule una oksini, homoni inayouambia mmea, pamoja na mambo mengine mengi, uote mizizi hapa. Nikajiambia: hizi nyanya zimepewa oksini nyingi kuliko zinavyoweza kubeba. Swali likawa imetoka wapi, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi.

Mama alikuwa na jibu lake. Jirani aliye ng'ambo ya mfereji, chini kabisa, alikuwa amepulizia dawa ya magugu kwenye mahindi yake wiki ya Krismasi, na upepo ukaileta kwenye nyanya. Walikuwa hawasalimiani tena, na mwenyekiti wa kitongoji alishaombwa kupanga siku ya kikao. Kulikuwa pia na watuhumiwa wengine. Busta ya maua aliyoinunua mjini, chupa ndogo yenye maandishi yasiyosomeka vizuri. Na maji: sehemu ya chini ya shamba ilikuwa imetuama, na hili si la kudharau. Mizizi ya nyanya ikikosa hewa hutengeneza kemikali inayopanda na maji hadi majanini, na huko hugeuka kuwa gesi ya etilini, ambayo hupindisha vikonyo kwenda chini hivyohivyo. Mtu anayetazama vikonyo peke yake anaweza kutaja virusi, mafuriko, busta au jirani, na kila mara akapata wa kumuunga mkono.

Kwa hiyo sikutazama vikonyo peke yake. Nilirudi Jumamosi na vijana wanne wa klabu ya sayansi, kamba, na daftari. Tulipita mstari kwa mstari, mche kwa mche, tukitoa alama: 0 kwa mche mzima, 1 kwa uliopinda kidogo, 2 kwa majani ya nyasi, 3 kwa uliokaribia kufa. Kazi ya kuchosha, na kijana mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama sayansi yote iko hivi. Nikamwambia sehemu kubwa.

Ramani ilipokamilika, mwenye shamba aliitazama akanyamaza. Ubaya haukuwa chini kwa jirani. Ulikuwa juu, kwenye pipa la maji. Miche kama kumi na mbili ya mwanzo wa mstari wa kwanza ilikuwa 3. Mistari iliyofuata, hadi wa nane, ilikuwa 2 karibu yote. Wa tisa hadi wa kumi na sita ilikuwa 1, kisha 0 hadi kwenye mfereji, ukiacha kipande kilichotuama ambako vikonyo vilining'inia lakini majani yalikuwa mapana na mashina hayana vinundu. Upepo hauchori mistari iliyonyooka namna hiyo. Nikamuuliza solo moja ya dawa inamaliza mistari mingapi.

"Minane," akasema. Halafu akarudia polepole: "Minane."

Solo ni hilo bomba la kubeba mgongoni, la lita 15 au 16. Huyu mama analo moja. Na kabla ya Krismasi lilikuwa limeazimwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, kwa ajili ya mahindi.

Niliposema tuliulize lile solo maswali, shemeji alikuwepo, na alikasirika kwa haki. "Mwalimu, niliisuuza mara mbili, mbele ya watoto." Alikuwa anasema kweli. Alimimina maji kwenye tangi, akatikisa, akamwaga, akarudia. Kitu ambacho hakufanya ni kupiga pampu hadi maji yapite kwenye mpira na fimbo. Pampu, mpira na fimbo hubaki na kiasi cha kikombe cha chai cha dawa, na kikombe hicho hakijachanganyika na maji yoyote ya kusuuzia. Wiki iliyofuata mama akatia dawa ya ukungu, akaanza kwenye pipa. Miche kumi na mbili ya kwanza ikapata kile kikombe kikiwa kikali kama kilivyoandaliwa kwa ajili ya magugu. Baada ya hapo, kilichokuwa kimenywewa na mpira kikaendelea kutoka kidogokidogo.

Hadithi nzuri. Lakini ramani inaonyesha kwamba kitu kilitoka kwenye solo, haionyeshi ni kitu gani. Busta nayo ilipitia solo hiyohiyo.

Hapa inabidi nirudi nyuma zaidi ya miaka mia, kwa sababu tatizo letu la Ilula ndilo tatizo lililozaa elimu yote ya homoni za mimea. Homoni iko kwenye mmea kwa kiasi kidogo mno. Oksini ya asili hupimwa kwa nanogramu katika kila gramu ya jani bichi, yaani sehemu moja kwa bilioni. Huwezi kuiona, kuinusa wala kuipima kwa mizani ya shule. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba ncha ya chipukizi la nafaka ndiyo inayohisi mwanga, na kwamba kuna ushawishi fulani unaoshuka kutoka nchani na kulipindisha shina chini yake. Ushawishi gani, hawakuweza kusema. Frits Went, Mholanzi, ndiye aliyeunasa katika miaka ya 1920. Alikata ncha za machipukizi ya oti, akazikalisha juu ya vipande vya agari, kitu kinachofanana na jeli, kisha akaondoa ncha na kuweka kipande cha agari upande mmoja wa kisiki cha chipukizi. Kikapinda. Kadiri ncha zilivyokuwa nyingi ndivyo pembe ilivyokuwa kubwa, hadi kiwango fulani. Mche ukawa mizani.

Na mizani hiyo ndiyo iliyoongoza wakemia. Walichukua chochote chenye nguvu ya kupindisha, wakakigawa mafungu, wakajaribu kila fungu kwenye chipukizi, wakatupa lisilopindisha na kugawa tena linalopindisha. Fritz Kögl na wenzake huko Utrecht walianza na mkojo wa binadamu, kwa sababu una vitu vya jinsi hiyo kwa wingi, na mwaka 1934 wakapata asidi ya indoli asetiki, ambayo kwa kifupi huitwa IAA. Baadaye, mwaka 1946, ilipatikana kutoka punje changa za mahindi. Lakini katika miaka hiyohiyo walikuwa wametangaza oksini nyingine mbili, wakazichorea hadi umbo la molekuli, na hakuna aliyewahi kuzipata tena. Chupa zilizohifadhiwa zilipopimwa upya mwaka 1966, ndani yake mlikuwa na kemikali nyingine kabisa. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kila mwaka. Mche ukipinda, umekuambia kwamba kuna kitu kinachofanya kazi kama oksini. Haujakuambia jina lake.

Turudi kwenye solo. Nilitia lita moja ya maji ya mvua, nikapiga pampu hadi yakatoka kwenye fimbo, nikaiacha ilale na maji hayo. Asubuhi nilikusanya maji ya tangi kwenye chupa moja na maji ya mpira kwenye nyingine. Nikaandaa miche ya maharage na mahindi kwenye chupa za plastiki zilizokatwa, nikaipaka maji hayo majanini: makali yenyewe, yaliyopunguzwa mara kumi, na yaliyopunguzwa mara mia. Miche mingine ikapata maji ya mvua tu, na mingine ikapata busta kwa kipimo cha chupa.

Siku ya pili maharage yote yalikuwa yamepinda. Nilifurahi kwa dakika nzima. Kisha nikaona kwamba yale ya maji ya mvua yamepinda pia, na yote yameelekea upande mmoja. Nilikuwa nimeyapanga dirishani. Miaka kumi na miwili nafundisha kwamba mimea hupinda kufuata mwanga, nikafungwa goli na dirisha la maabara yangu. Vijana waliona kabla yangu, nadhani, walikuwa wanatazamana.

Mara ya pili tuliweka miche chini ya mwembe wa shule, kivuli kilicho sawa pande zote, na kila mche ukageuzwa asubuhi na jioni. Safari hii tulipata jibu. Maji ya mpira yasiyopunguzwa yalipindisha vikonyo vya maharage ndani ya siku moja, na siku ya nne shina likajisokota. Yaliyopunguzwa mara kumi yalipindisha kidogo. Mara mia, hakuna. Maji ya tangi yalifanya kazi hafifu mno, kwa hiyo shemeji alikuwa amesuuza tangi vizuri kweli. Busta haikupindisha chochote, nikafurahi kwamba sikuwa nimemtamkia muuza duka neno.

Mahindi hayakubadilika hata kwa maji makali. Hilo lilikuwa na maana kubwa. Chumvi nyingi ingeunguza mahindi na maharage pamoja, na dawa ya magugu inayoua kila kijani isingebagua. Kitu kinachosokota maharage na kuyaacha mahindi kinafanana na kundi la dawa za magugu zinazoiga oksini, ambazo zilianza katika miaka ya 1940. Ile maarufu zaidi, 2,4-D, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, na wakulima wa nafaka duniani kote huitumia hadi leo. Inaingia kwenye kipokezi kilekile cha oksini. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kipokezi hicho ni protini iitwayo TIR1. Tofauti ni kwamba IAA ikizidi, mmea huifunga kwenye asidi za amino au huiharibu. 2,4-D haifungiki kirahisi. Ni kama mgeni uliyemkaribisha sebuleni na hajui kuaga. Amri ya "kua" inaendelea kutolewa hadi etilini inajaa, mishipa inaziba, na mmea unakufa kwa kukua vibaya. Mahindi yana njia ya kuivunja haraka zaidi.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kikao kilikuwa kinakuja, na mwenyekiti aliniambia anataka karatasi iliyoandikwa ni dawa gani.

Sikugusa majani ya nyanya kwa hatua hii, na sababu ni ya maana. Jani lina IAA yake ya asili, na kuitenganisha kunataka methanoli baridi, giza, na mashine ya kupima uzito wa molekuli. Maabara kubwa huongeza mwanzoni kiasi kinachojulikana cha homoni hiyohiyo iliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito, ili mwishoni wajue ni kiasi gani kimepotea njiani, kwa maana daima kinapotea. Maabara ya shule haina hayo. Maji ya mpira hayana jani ndani yake, kwa hiyo maswali yake ni mepesi.

Nilianza kwa kutia soda ya kuunguza kidogo na kuyapasha moto taratibu, kwa sababu dawa hizi mara nyingi huuzwa zikiwa esta, yaani asidi iliyounganishwa na alkoholi, na soda huvunja esta kuwa chumvi ya asidi. Yalipopoa nikayatikisa na etha, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, kwenye faneli ya kutenganishia, moto wote ukiwa umezimwa, madirisha wazi. Mafuta na uchafu wa dawa ya ukungu vikapanda kwenye etha, nikavitupa. Ile chumvi ikabaki kwenye maji. Kisha nikatia asidi hadi karatasi ya pH ikasoma 3, nikatikisa upya na etha safi. Safari hii asidi yenyewe ndiyo iliyohamia kwenye etha. Napenda sana hatua hii. Unageuza tu uchachu, na kitu unachokitafuta kinahama chumba.

Etha ilipokauka, nikaweka tone kwenye karatasi ya kuchujia, na pembeni yake tone la 2,4-D safi na tone la IAA, vyote nilivyoazima kwa rafiki wa chuo ambaye hukuza tishu za mimea kwenye chupa. Nikaacha kiyeyushi kikipanda kwenye karatasi usiku kucha, kikibeba kila kemikali umbali wake. Kulipokucha nikakata kila njia vipande kumi, kila kipande kikalazwa kwenye kisahani chenye maji ya sukari kidogo.

Mizani yetu ilikuwa koleoptili za mahindi, yale mafuko meupe yanayofunika jani la kwanza. Mche wa mahindi huivunja dawa, lakini kipande kichanga kama hiki bado hurefuka kikikutana na oksini. Tuliotesha mbegu gizani, tukakata ncha, kwa kuwa ncha hutengeneza oksini yake yenyewe na ingetudanganya, kisha tukachukua vipande vya milimita 10 chini yake. Kazi yote ilifanyika kwa tochi iliyofungwa plastiki nyekundu ya mfuko wa sokoni. Baada ya saa 24 tukapima kwa rula. Vipande vya maji ya sukari peke yake vilifika milimita 12 hivi. Kwenye njia ya maji ya mpira, sahani nane zilikuwa hivyohivyo na mbili zilizofuatana zilifika 15. Kwenye njia ya 2,4-D safi, zilizorefuka ni sahani mbili hizohizo. IAA ilikuwa imesimama mahali pengine.

Jaribio la mwisho lilichukua dakika chache. Kloridi ya chuma ndani ya asidi ya salfuriki hugeuka waridi ikikutana na pete ya indoli iliyo kwenye IAA. Tone la IAA likawaka waridi. Tone letu halikubadilika, na la 2,4-D halikubadilika.

Karatasi niliyompelekea mwenyekiti ilisema: mpira wa solo una asidi inayofanya kazi kama oksini, si IAA, na kwenye karatasi inatembea sawa na 2,4-D. Akaisoma mara mbili. "Mwalimu, ni yenyewe au siyo yenyewe?" Nikamweleza kwamba dawa nyingine ya ukoo huohuo inaweza kusimama karibu na hapo, na kwamba akitaka jina lenye uzito wa sheria sampuli iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda iko Mbeya. Hakuridhika. Nadhani aliona najikwepesha, na sikuwa na njia ya kumweleza kisa cha Utrecht kwenye benchi la kikao.

Jina lilitoka kwingine. Shemeji alisimama, akaenda nyumbani, akarudi na chupa tupu aliyokuwa amewekea mafuta ya taa. Nusu ya lebo ilikuwa bado imeshika. 2,4-D, esta. Akaiweka mezani bila kusema neno, akakaa. Jirani wa ng'ambo ya mfereji, ambaye hakuna aliyekuwa amemwomba radhi bado, ndiye aliyesema kwanza: "Hata mimi solo yangu ni moja." Chupa yenyewe nilimwomba aiache kwangu, na mafuta yale yasirudi jikoni.

Mistari minane ya juu iling'olewa. Minane iliyofuata aliiacha kwa ushauri wangu, na mwishoni mwa Februari majani mapya yalitoka mapana, jambo ambalo mche wenye rasta haulifanyi. Ila matunda ya kwanza kwenye mistari hiyo yalikuwa madogo, yenye ncha kama chuchu. Mama alilikata moja kwa kisu mbele yangu. Ndani palikuwa nyama tupu.

"Halina mbegu, Mwalimu."

Nikamweleza kwamba ua likichavushwa, oksini ndiyo inayoliambia lianze kuwa tunda. Mwaka 1936 Felix Gustafson, huko Marekani, alipaka kemikali za jamii ya oksini kwenye maua ambayo hayajachavushwa akapata matunda yasiyo na mbegu, nyanya zikiwemo.

"Kwa hiyo lilidanganywa."

Dalali alikuwa tayari kuyachanganya na mazuri chini ya tenga. Mama alikataa, akayafukia, kwa kuwa dawa ile haikukusudiwa kupuliziwa kwenye nyanya na hakuna lebo inayosema mtu angoje siku ngapi kabla ya kuzila. Solo ya zamani imepigwa rangi nyekundu na sasa ni ya magugu peke yake, imefungwa mpira mpya. Mpira wa zamani uko kwangu, umekatwa vipande, umelala kwenye chupa ya maji kabatini. Kila Ijumaa kijana wa zamu humwaga maji, hutia mapya, na kupaka yale ya zamani kwenye harage moja chini ya mwembe. Tuko kwenye maji ya tisa, na vikonyo bado vinapinda.